Mwalimu wa Nidhamu Katika Banda Letu la Gemu

Sikumpenda mwalimu wa nidhamu nilipokuwa mwanafunzi wake, na sitajifanya nampenda sasa kwa sababu tu amezeeka na anatembea polepole. Tabora wazee wanahurumiwa sana. Mtu akishaota mvi, hata kama ujana wake aliutumia kuliza watoto wa wenzake, watampisha dukani na kumletea kiti. Nimewasikia watu wazima, wenye watoto wao, wakisema juu yake kwa majivuno, "Yule ndiye aliyetunyoosha." Mimi hakuninyoosha. Nilikuwa nimenyooka tangu kwa mama yangu, kule jirani na Kipalapala, ambako tulilima karanga na mahindi na kuamshwa na kengele ya seminari.

Jina lake silitaji, na hata shuleni hatukulitumia. Tulimwita Nidhamu, kana kwamba kitu chenyewe kilikuwa kimevaa suruali na kushika fimbo. Mpaka leo, ukilitamka neno hilo ghafla mbele ya mtu aliyesoma pale miaka yetu, utaona mabega yake yanapanda.

Wanaomsifu huanza na sauti yake, kwamba hakuwa mtu wa kufoka. Ni kweli. Walimu wengine walipiga kelele, tukawasikia kutoka mbali, tukakimbia. Yeye alishusha sauti. Alikuita, ukafika, akasema jambo ambalo hukulisikia vizuri, ukasogea ili umsikie, na hapo ndipo mkono wake ulipokukuta. Mimi mpaka leo mteja akiniongelesha kwa sauti ya chini najikuta nimerudi nyuma kabla sijajua nafanya nini.

Halafu alikuwa na ugomvi na saa. Asubuhi alisimama getini, fimbo ameificha mgongoni, ili anayekuja kwa mbali aone uso tu. Kengele ikilia, geti linafungwa, na aliyebaki nje ni wake. Hakuuliza umetoka wapi. Kulikuwa na wasichana waliotembea kutoka vijiji vya ng'ambo ya reli, na wakati wa mvua njia zao zilikuwa maji matupu, hakuuliza. Alikuwa na msemo wake, aliutoa taratibu huku akichagua pa kupiga: "Wewe umechelewa maisha yako yote. Leo umenionyesha kidogo tu." Nilipoolewa, nilipojifungua, nilipofungua biashara, kila mara niliusikia msemo huo kichwani. Siwezi kumshukuru kwa hilo.

Darasani, na hili lazima niliseme, hakuna aliyemfikia. Alifundisha historia. Alitusomesha habari za misafara iliyopita hapa hapa, kutoka pwani kwenda Ujiji, Tabora ikiwa mahali pa kupumzika na kugawanya mizigo. Vitabu vilitaja wafanyabiashara na watawala. Yeye alitutajia wapagazi. "Babu zenu ndio waliokuwa barabara yenyewe," alisema. Siku moja alituamuru darasa zima tuweke viti vichwani na tusimame hivyo wakati anasimulia. Akasimulia jinsi mpagazi anavyougua njiani, anavyolazwa kivulini, wenzake wanaendelea na safari, naye anawasikia wakiimba mpaka wimbo unapotelea mbali. Shingo zilituuma. Wengine walilia, na sijui walilia kwa ajili ya viti au kwa ajili ya mpagazi. Alipofika mahali ambapo msimamizi wa msafara anamcharaza viboko mtu aliyeanguka na mzigo, sauti yake ilikatika. Akageukia ubao, akajifuta macho kwa mkono wenye chaki. Kisha kengele ikalia, akachukua fimbo yake pembeni ya mlango, akatoka kwenda kuwachapa waliokuwa hawajafagia uwanja.

Nimejaribu miaka mingi kuwaweka watu wawili hao katika mwili mmoja, nikashindwa, nikaacha.

Jambo jingine watakalokuambia ni la damu. Msichana mmoja wa bweni aliugua malaria, akaishiwa damu, akalazwa hospitali ya Kitete, na ndugu zake walikuwa mbali. Mwalimu wa nidhamu alikwenda mwenyewe akamtolea damu. Sikatai, nilikuwepo aliporudi shuleni na pamba mkononi. Ila wanaosimulia husahau kwamba wiki hiyo hiyo alikuwa amemchapa msichana huyo huyo kwa kusinzia darasani, kumbe homa ilikuwa imeshamwanza.

Sasa nifike kwa Shija. Shija ni mume wangu. Wakati ule alikuwa mvulana wa kidato cha pili, mtoto wa wafugaji wa Choma, kule Igunga, aliyekaa mjini kwa shangazi yake ili asome. Asubuhi moja mimi na yeye tulifika getini pamoja kwa bahati tu. Hatukuwa tunajuana zaidi ya majina. Geti lilikuwa limefungwa. Mwalimu wa nidhamu akamwuliza Shija, kwa ile sauti yake ya chini, "Saa ngapi sasa?"

Shija ni mtu wa kujibu alichoulizwa. Hata sasa ndivyo alivyo, na mara nyingine ananichosha. Aliinamia saa iliyokuwa kwenye mkono wa mwalimu mwenyewe, akaisoma.

"Saa yako inaonyesha bado, mwalimu. Kengele ndiyo imewahi."

Mwalimu hakutumia fimbo. Alimpiga kofi, la mkono wa kulia, likatua juu ya sikio la kushoto. Halikuwa na mlio mkubwa. Shija alibaki amesimama vile vile, kama mtu aliyesahau alichokuwa anasema. Halafu akashika sikio, akanitazama mimi, akaniuliza, "Nani anapiga filimbi?"

Hakukuwa na filimbi. Jioni damu ilitoka, baada ya siku chache usaha. Shangazi yake alimtia mafuta ya vuguvugu na maji ya majani fulani, kama alivyofundishwa na mama yake, na alipompeleka hospitali wakaambiwa kiwambo kimechanika na uchafu umeshaingia ndani. Sikio la kushoto likafa.

Baba yake alikuja kutoka Choma. Shule nzima tulidhani tutaona ugomvi. Mzee yule, shuka begani na katambuga za tairi miguuni, aliingia ofisini na jogoo kwapani. Sisi tulikuwa chini ya dirisha, tunajifanya tunang'oa majani.

"Mwalimu," alisema, kwa Kiswahili chake chenye Kisukuma ndani, "nimeleta shukrani. Mtoto huyu ni wako. Mimi nimemzaa tu."

Mwalimu wa nidhamu akampokea jogoo. "Asante, mzazi," akasema. "Tutaendelea kusaidiana."

Watu wakiniuliza kwa nini siwezi kumsamehe, sitaji kofi. Mtu anaweza kupiga kwa hasira, akajuta kabla mkono haujashuka. Mimi nataja jogoo.

Shija alikuwa na ndoto moja, kuendesha treni. Mjini kwetu reli zinakutana, na mtoto aliyezoea kusubiri ng'ombe wanywe maji, akiona kitu chenye nguvu namna ile kinaondoka kwa wakati wake, anaweza kuwehuka. Alisoma kwa ajili hiyo, akaomba nafasi, akapita kila walichomjaribu mpaka zamu ya kupimwa masikio. Alirudi nyumbani akavua viatu vipya vya usaili, akavirudisha kwenye boksi. Akajifunza ufundi wa redio na simu. Nilipoolewa naye nilijifunza kutembea kulia kwake, kukaa kulia kwake mezani, kulala kulia kwake. Nikimwita kutoka kushoto, hasa penye kelele, hageuki. Mtu asiyemjua hudhani ana dharau.

Banda la gemu tulilifungua wote wawili. Tulikodi fremu ya duka kando ya barabara iendayo Kitete, tukaweka runinga na mashine alizozifufua Shija, tukapanga viti vya plastiki. Wateja wengi wanacheza mpira. Lakini kwenye mashine moja ya zamani ilikuwemo gemu ya vita, ile ambayo humwoni mtu unayemchezesha. Unaona mikono yake na bunduki tu, kana kwamba macho ni yako. Askari huyo amevaa vazi lenye mtambo wa kuchezea muda. Ukibonyeza kitufe kimoja dunia inasimama: risasi zinaning'inia hewani, matone ya mvua yanaganda, adui amefungua mdomo na sauti haitoki, unatembea mpaka alipo unamnyang'anya silaha mkononi. Kitufe kingine kinapunguza mwendo. Kingine kinarudisha nyuma: aliyeanguka anainuka, ukuta uliobomoka unajijenga, risasi inatoka mwilini na kurudi kwenye mtutu. Mtambo una kikomo, ukiutumia sana unaisha nguvu, unasubiri ujae tena huku unapigwa. Jina la gemu lililo kwenye kasha hakuna aliyelijali. Vijana waliiita Gandisha.

Mwalimu wa nidhamu aliingia kwetu kukimbia mvua. Alikuwa amestaafu, anafuga nyuki nje ya mji, na alikuwa na ndoo ya asali mkononi. Nilimpa shikamoo yake kama mtu anavyomfungulia mlango mgeni asiyemtaka. "Marahaba, binti," akasema, bila kunikumbuka. Alipomwona Shija alimkumbuka. Nilijua kwa jinsi alivyoshusha ndoo chini taratibu mno.

"Shikamoo, mwalimu," Shija akasema.

"Marahaba, kijana wangu. Kumbe uko hapa."

"Niko hapa."

Ni hayo tu. Alisimama nyuma ya kijana aliyekuwa anacheza Gandisha, akaangalia mvua ya kwenye runinga ikisimama hewani wakati ile ya nje inapiga bati. Akauliza hiyo ni nini. Kesho yake alirudi bila ndoo, akaketi, akaomba afundishwe. Shija ndiye aliyemfundisha. Alimshika vidole akaviweka juu ya padi ya kuchezea kimoja kimoja, vidole vile vile, na mimi nikatoka nje kwa sababu nilishindwa kuangalia.

Alicheza vibaya mwanzoni, anatazama mawingu, anazunguka, anapigwa risasi kisogoni. Baadaye akawa na namna yake. Vijana wanautumia mtambo ili wapite haraka. Yeye alifika mahali pamoja, kwenye ghala lenye mlinzi mlangoni, akakaa hapo siku nyingi. Alimpiga risasi mlinzi, mlinzi akaanguka. Akabonyeza, mlinzi akainuka. Akampiga tena.

"Mwalimu, mbona husongi mbele?" nilimwuliza siku moja.

"Hapa sijamaliza."

"Huyo si umeshamuua?"

"Hajafa, binti. Angalia, amesimama."

Usiku huo huo nilimwambia Shija kwamba mzee yule hajabadilika, amepata tu mtu ambaye anaweza kumpiga bila baba yake kuja. Shija akafikiri. "Au anajaribu kupita bila kumpiga," akasema. Nikamwuliza kama anajaribu hivyo mbona anampiga. "Vidole vyake vizito," akajibu. Hivyo ndivyo alivyo mume wangu. Mtu akimkanyaga, atatafuta sababu kwenye kiatu.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba mwalimu alikuwa anaisema vibaya gemu hiyo hiyo. "Huyu askari amelelewa vibaya," aliwaambia vijana. "Anakosea, anarudishiwa. Anakosea, anarudishiwa. Atakuwa mtu kweli?" Kisha anabonyeza kurudisha. Na alianza kutuwekea nidhamu bandani. Alimwambia mtu akae wima, mwingine achomekee shati. Aliyechelewa zamu yake alisomewa ule msemo wa kuchelewa maisha yote, wakacheka wote, wakauona utani. Walimpenda. Walimwita Babu Gandisha. Nilikuwa nafagia huku nawasikia wakimcheka kwa mapenzi, nikasema moyoni, nyinyi mmeletewa simba akiwa hana meno, mnamshika sharubu.

Meno yalikuwepo. Kulikuwa na kijana wa bodaboda anaitwa Masanja, mropokaji lakini hana baya. Siku moja mwalimu alipigwa akafa mbele ya ghala, Masanja akacheka. "Babu, mtambo umejaa na bado unakufa. Ungerudisha."

Mwalimu wa nidhamu aliweka padi chini. Akasema jambo kwa sauti ya chini. Masanja akasogea ili amsikie. Mimi nilikuwa kwenye kaunta na nililiona bega lile likirudi nyuma, nililijua bega lile, mdomo wangu ukafunguka na sauti haikutoka. Shija alikuwa karibu. Aliudaka mkono ukiwa njiani, akaushika kifundoni.

"Hapa hapana, mwalimu."

Mpira kwenye runinga nyingine uliendelea kutangazwa. Mwalimu aliutazama mkono uliomshika.

"Hata wewe ulikuwa mbishi," akasema.

"Nilikuwa sahihi," Shija akajibu, akamwachia.

Alipoondoka nikasema huyo hakanyagi tena hapa. Tuligombana jikoni, mimi nachambua mchicha na kutupa hata majani mazuri. Nilisema yule ni mnyama, amekuja mpaka kwenye riziki yetu kututafutia watoto wa kupiga. Shija alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mama Neema," akasema, "sikio ni langu. Kama ni la kulilia, niachie nililie mwenyewe. Kama ni la kuliacha, niachie."

Miaka yote ya ndoa hakuwahi kuniambia neno kali kuliko hilo. Nililia kwa hasira, na pia kwa sababu alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimelichukua sikio lake nikalifanya langu.

Mwalimu alirudi kana kwamba hapakutokea kitu. Alimletea Masanja chupa ya asali, akamwekea mapajani bila maelezo, na Masanja akaipokea akicheka. Kwa hiyo alijua namna ya kuomba radhi. Mtu wa jana alipata asali. Wa miaka ile hakupata hata salamu ndefu.

Niliendelea kumpa shikamoo, na yeye aliendelea kuja. Hivyo ndivyo tulivyofika kiangazi, mwezi wa saba, wakati upepo wa Tabora unapoingiza vumbi mpaka ndani ya chumvi. Mchana mmoja vijana wote walikuwa uwanjani kwenye mechi. Nilitoka kununua mkaa, nikarudi kwa mlango wa nyuma. Bati lilikuwa linagonga kwa upepo, feni inalia, na muziki wa Gandisha unapiga, maana mwalimu alikuwa ameisimamisha gemu bila kuzima sauti. Shija alikuwa ameinamia meza yake ya ufundi, anachomelea waya wa padi iliyokatika. Mwalimu alikuwa amevuta kiti mpaka kushoto kwake, karibu kabisa, mikono magotini kama mtu aliyeitwa ofisini. Alikuwa anazungumza.

Kwanza nilidhani wanaongea. Halafu nikaona Shija hainui kichwa. Nilikuwa nyuma ya mwalimu, hakuniona, na nilisikia.

"Saa yangu ilikuwa sawasawa," alikuwa anasema. "Uliisoma vizuri. Nilijua pale pale, mkono ukiwa bado hewani nilijua. Na baba yako alipoleta jogoo nilijua. Nilimla na familia yangu. Nisamehe, kijana wangu. Nilikupiga kwa sababu ulisoma vizuri."

Aliyasema bila kutafuta maneno, kama mtu anayesali sala aliyoizoea. Nikaelewa kwamba haikuwa mara yake ya kwanza.

Labda pumzi ilimfikia Shija, maana aligeuza kichwa. "Unasemaje, mwalimu?"

"Nasema upepo umezidi," akajibu kwa sauti kubwa.

"Ndiyo msimu wake," Shija akasema. Akatafuta risasi ya kuchomelea kwenye kopo, akakuta imeisha, akatoka kwenda kuomba kwa fundi wa jirani. Alinipita mlangoni, akanipokea mkaa, akautua chini. Hakujua kitu.

Nilikwenda nikapunguza sauti ya gemu. Mwalimu aliniona, akajua nimesikia. Uso wake sikuwahi kuuona hivyo, na sitadanganya kwamba ulinihurumisha.

"Upande huo hasikii," nikamwambia.

"Najua, binti."

"Unajua kwa sababu ni wewe."

"Ni mimi."

"Akirudi, hamia kulia. Useme hayo hayo."

Aliangalia kiti kilichokuwa upande wa kulia wa meza, ambacho huwa nakaa mimi.

"Huko atanisikia," akasema.

Mtu huyu alitufungia geti tukiwa watoto. Alitusimamisha na viti vichwani ili tujue uzito. Na kitu alichokuwa anakiogopa kilikuwa ni Shija, mume wangu, ambaye hajawahi kumpiga hata mbwa. Nilitaka kumwambia maneno mengi, nilikuwa nimeyaweka tangu kidato cha pili. Yote yakanipotea. Nikasema tu, "Ndiyo. Atakusikia."

Shija aliporudi, mwalimu alikuwa amesimama. Alinyanyua kiti chake, akakirudisha ukutani kwenye safu, kama tunavyowataka wateja wafanye. Akasema anawahi nyuki. Gemu aliiacha vile vile, mlinzi wa ghala ameganda mlangoni.

"Leo ameondoka mapema," Shija akasema. "Kuna nini?"

Nilikaa kulia kwake nikamwambia yote, neno kwa neno, kabla hasira haijanisaidia kuongeza. Alisikiliza huku ameshika ile risasi ya kuchomelea bila kuitumia. Nilipomaliza akaiweka mezani. Nikadhani atasema maskini mzee, na nikajiandaa kumjibu.

"Jogoo pia alimtaja?" akauliza.

"Alimtaja."

Akatikisa kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu, na hakuwa anatafuta sababu kwenye kiatu cha mtu yeyote. "Nimekaa naye miezi yote hii," akasema. "Nilikuwa nasubiri aseme. Kumbe alikuwa anasema."

Akainuka, akazima runinga, akashika upande mmoja wa meza ya ufundi. "Shika huko," akaniambia. Tuliigeuza. Waya zikavutika, vikopo vya misumari vikaanguka, tukaviokota. Sasa alikaa ameupa ukuta upande wa kushoto, na mtu yeyote anayetaka kuzungumza naye hana budi kuja upande wa kulia.

Mwalimu wa nidhamu alikuja siku iliyofuata. Alifika kizingitini, akaiona meza. Aliielewa, maana alikuwa mwalimu mzuri. Shija akamtolea shikamoo, akamvutia kiti, kile changu. Mwalimu akaitika marahaba. Akasema alikuwa anapita tu.

Hajaingia tena. Vijana wanamwulizia, nawaambia yuko na nyuki wake. Huwa anapita ng'ambo ya barabara akienda Kitete, na mimi namsalimia kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika, ili Shija asikie kwamba ndiye anayepita. Shija huacha kazi, akatazama mlangoni mpaka mtu apotee. Kisha anaendelea kuchomelea. Nimemwambia zaidi ya mara moja kwamba meza ilivyo sasa inatubana, wateja wanajikwaa, tuirudishe ilipokuwa. Anasema tuiache kwanza.